Vidakuzi au skripti: uzuie nini, uache nini, na kwa njia ipi

Ukifungua tovuti mpya siku hizi, hujasoma hata mstari mmoja unakutana na kisanduku kimekuzibia njia: tunatumia vidakuzi kuboresha huduma zetu. Kitufe cha kukubali ni kikubwa na kina rangi. Cha kukataa, kama kipo, kimeandikwa kwa herufi hafifu pembeni. Wengi hubonyeza kile kikubwa ili wapite. Wachache hukasirika, wakaingia kwenye mipangilio ya kivinjari na kuzuia vidakuzi vyote moja kwa moja.

Niliwahi kuwa katika kundi hilo la pili kwa wiki kadhaa. Nilichovuna ni kushindwa kubaki ndani ya akaunti yangu ya barua pepe, huku matangazo ya kitu nilichokitazama mara moja tu yakiendelea kunifuata. Nilikuwa nimefunga dirisha, mlango nikauacha wazi. Tangu hapo nimejaribu karibu kila njia ya kujikinga ambayo mtumiaji wa kawaida anaweza kuipata, na hapa naziweka ubavu kwa ubavu. Lakini kwanza tuvitenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya.

Kidakuzi ni karatasi, skripti ni mtu

Kidakuzi, ambacho wengine hukiita kuki, ni maandishi mafupi tu. Seva ya tovuti, yaani kompyuta inayoihifadhi, inapokutumia ukurasa hukiambatanisha, kivinjari chako hukihifadhi, na kila unaporudi kwenye tovuti hiyo hukirudisha kama kilivyo. Kwa kawaida hakizidi baiti 4,096, na ndani yake mara nyingi mna mfululizo wa herufi na tarakimu usio na maana kwa mtu mwingine. Chenyewe hakifanyi lolote. Ni kama kile kikaratasi cha namba unachopewa unapoacha mzigo wako kwa mtunza mizigo: ukikionyesha, anajua mzigo upi ni wako.

Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, kwa sababu itifaki ya HTTP, yaani kanuni ambazo kivinjari na seva hutumia kuwasiliana, haina kumbukumbu. Kila ombi la ukurasa huifikia seva kana kwamba limetoka kwa mtu asiyewahi kuonekana. Bila kidakuzi ungetia bidhaa kapuni, ukafungua ukurasa wa pili, ukakuta kapu tupu. Ungeingia kwenye akaunti yako na kutolewa kila unapobonyeza kiungo. Kwa hiyo anayesema vidakuzi vyote ni vibaya anasema pia kwamba hataki tovuti yoyote imkumbuke hata kwa dakika moja.

Skripti ni jambo jingine kabisa. Ni programu. Lugha yake kuu, JavaScript, iliandikwa na Brendan Eich mwaka 1995, hapohapo Netscape, na toleo la kwanza lilichukua siku 10. Skripti inashushwa pamoja na ukurasa, kisha inaendeshwa ndani ya kivinjari chako, kwa nguvu ya kifaa chako. Inaweza kujua umesoma hadi aya ya ngapi, umesogeza kipanya wapi, kioo chako kina ukubwa gani, uko katika saa za eneo lipi na una fonti zipi. Inaweza kuandika vidakuzi na kuvisoma, isipokuwa vile ambavyo seva imevifunga kwa alama ya HttpOnly. Ina pia ghala lake, localStorage, lenye nafasi ya takriban megabaiti 5. Ndiyo maana kitufe cha kufuta katika vivinjari vingi hakisemi vidakuzi peke yake, bali vidakuzi na data nyingine ya tovuti.

Na inaweza kusoma unachoandika kabla hujakituma. Mwaka 2022 watafiti walikagua tovuti 100,000 zinazotembelewa sana. Zilipofunguliwa kutoka Umoja wa Ulaya, tovuti 1,844 ziliacha anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwenye fomu iende kwa kampuni za ufuatiliaji na matangazo kabla ya kitufe cha kutuma kubonyezwa. Zilipofunguliwa kutoka Marekani, idadi ilikuwa 2,950. Ukiandika anwani yako, ukaghairi na kufunga ukurasa, tayari imeshaondoka. Hakuna kidakuzi kinachoweza kufanya hivyo.

Swali la kuuliza ni hili: kimeletwa na nani?

Baada ya miaka ya kuchunguza mambo haya, sijali tena kama kitu ni kidakuzi au skripti kama ninavyojali mwenyewe ni nani. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na vipande kutoka vikoa (yaani anwani za tovuti) kumi na zaidi: kitufe cha mtandao wa kijamii, fonti, video, kipimo cha wasomaji, tangazo, au picha ya ukubwa wa pikseli moja tu ambayo jicho halioni. Kila kipande kinapoombwa, kivinjari hupeleka kwa mwenye kipande hicho kidakuzi chake, na kwa kawaida humwambia pia ombi limetoka tovuti gani. Kampuni moja ikiwa na kipande chake katika tovuti elfu moja, inakuona katika zote, na kwa kidakuzi kilekile inajua kuwa ni wewe yuleyule. Wewe hujawahi kufungua tovuti yake hata siku moja.

Hatari hii haikugunduliwa jana. Kiwango cha kwanza rasmi cha vidakuzi, cha mwaka 1997, kilitaka vivinjari vivikatae vidakuzi vya nje, yaani visivyo vya tovuti uliyoifungua, tangu mwanzo. Vivinjari vikubwa vya wakati huo havikukifuata, na biashara ya matangazo ikajengwa juu ya mwanya huo.

Kwa skripti za nje mambo ni mazito zaidi, kwa sababu skripti ikishawekwa ndani ya ukurasa hupata uwezo sawa na skripti za mwenye ukurasa. Juni 2024 ilibainika kwamba kikoa cha polyfill.io, ambacho tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zikichota skripti kutoka kwake, kilikuwa kimepata mmiliki mwingine na sasa kinapeleka programu hasidi kwa wageni wa tovuti hizo. Wenye tovuti hawakubadilisha hata herufi moja.

Basi kipimo changu ni hiki. Kidakuzi cha tovuti yenyewe nakiacha, tena nakishukuru. Kidakuzi cha nje nakizuia. Skripti ya tovuti yenyewe naivumilia mpaka initie shaka. Skripti ya nje ya ufuatiliaji nataka isifike kabisa.

Njia zenyewe, kwa mwenye haraka

| Njia | Inazuia nini hasa | Inakugharimu nini |
|---|---|---|
| Kubonyeza "kataa" | Kile ambacho tovuti imekubali kukiacha | Muda, kila tovuti |
| Dirisha la hali fiche | Kumbukumbu kwenye kifaa chako | Karibu hakuna |
| Kivinjari chenye kinga | Vidakuzi vya nje, na baadhi ya vifuatiliaji | Kuhama kivinjari |
| Kiendelezi cha kuzuia | Skripti na pikseli za nje, kabla hazijaombwa | Imani kwa mtengenezaji wake |
| Kuzima JavaScript | Skripti zote | Tovuti nyingi kutofanya kazi |
| Tor Browser | Kujulikana kwa anwani ya IP na alama za kivinjari; skripti pia, ukipandisha kiwango cha usalama | Kasi, na subira nyingi |

Kukataa kwa kitufe

Visanduku hivi vilitokana na sheria za Ulaya. Agizo la faragha ya mawasiliano la mwaka 2002, lililorekebishwa mwaka 2009, ndilo linalotaka ridhaa kabla ya kuweka kidakuzi kisicho cha lazima. Sheria ya GDPR, ya Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ikaeleza ridhaa ya kweli ni ipi. Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa alama ya vema mapema si ridhaa. Kisha mamlaka ya Ufaransa ya kulinda data, CNIL, ikatangaza mwanzoni mwa 2022 faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa kuwa kukataa kulihitaji hatua nyingi kuliko kukubali. Tovuti kadhaa kubwa ziliongeza kitufe cha "kataa zote" baada ya hapo.

Kwa hiyo kitufe kina maana, nami hukibonyeza kila ninapokiona. Udhaifu wake ni kwamba hujafunga kitu. Umeomba tu, na unaamini kwamba mwenye tovuti atatii, na kwamba aliyemwekea kisanduku hicho alikiunganisha sawasawa. Tena jibu lako la kukataa huhifadhiwa ndani ya kidakuzi. Ukiwa na mazoea ya kufuta vidakuzi vyote kila unapofunga kivinjari, kesho kisanduku kitakuuliza upya, kwa sababu umefuta pia kumbukumbu ya kukataa kwako.

Ipo ishara ya kivinjari iitwayo Global Privacy Control, ambayo husema "msiuze data yangu" kwa kila tovuti bila wewe kubonyeza kitu. Jimbo la California linazitaka kampuni ziitii. Kwingine kusiko na sheria ya namna hiyo inaweza kupuuzwa, lakini kuiwasha hakukupunguzii kitu.

Hali fiche

Hapa nitasema machache. Dirisha la hali fiche hufuta historia na vidakuzi vya kipindi hicho ukishalifunga. Linakufaa kwenye kompyuta unayotumia pamoja na wengine. Likiwa wazi, katika vivinjari vingi skripti zinafanya kazi kama kawaida, seva inaona anwani yako ya IP, yaani namba ya muunganisho wako wa intaneti, na ukiingia kwenye akaunti umeshajitambulisha. Mwaka 2024 Google ilikubali, katika maafikiano ya kesi iliyofunguliwa Marekani, kuharibu mabilioni ya kumbukumbu zilizohusu watu waliokuwa wakitumia hali hiyo. Lichukulie dirisha hili kama pazia la chumbani mwako. Barabarani halikufichi.

Kivinjari kipi?

Hili ndilo chaguo la kwanza ninalomshauri mtu yeyote, kwa kuwa ukilifanya mara moja limekwisha.

Safari ilianza kubana ufuatiliaji mwaka 2017, na tangu Machi 2020 inazuia vidakuzi vyote vya nje bila kuuliza. Inakwenda mbali zaidi: kidakuzi kilichoandikwa na skripti, hata kama ni cha tovuti yenyewe, hudumu siku 7 tu usiporudi. Firefox ilichukua njia nyingine. Tangu Juni 2022 kila tovuti ina mtungi wake wa vidakuzi, hivyo kampuni ile ile iliyopo katika tovuti elfu moja inapata vidakuzi elfu moja visivyojuana. Jambo ambalo watumiaji wengi wa Firefox hawalijui ni kwamba katika hali ya kawaida skripti nyingi za ufuatiliaji bado zinashushwa kwenye madirisha ya kawaida. Ili zizuiwe, ingia kwenye mipangilio ya faragha uchague kiwango kikali. Brave, ambayo Brendan Eich yuleyule wa JavaScript alishiriki kuianzisha, huzuia vifuatiliaji na matangazo ya nje tangu unapoisakinisha, kwenye simu na kwenye kompyuta.

Chrome ndiyo inayonisikitisha. Januari 2020 Google iliahidi kuviondoa vidakuzi vya nje ndani ya miaka 2. Tarehe ikasogezwa mara kadhaa, na Julai 2024 mpango huo ukaachwa. Aprili 2025 kampuni ikasema haitaleta hata ukurasa mpya wa kumuuliza mtumiaji. Kwa hiyo ukiwa mtumiaji wa Chrome, kazi hii ni yako: fungua Mipangilio, nenda Faragha na usalama, zuia vidakuzi vya washirika wengine, ndivyo hivi vya nje. Inachukua chini ya dakika moja. Ukikuta tovuti ambayo kuingia kwake kunategemea akaunti ya kampuni nyingine imegoma, unaweza kuiruhusu hiyo peke yake.

Pamoja na hayo, vidakuzi vya nje vilipobanwa wafuatiliaji hawakukaa kitako. Waligeukia alama za kivinjari: skripti inakusanya ukubwa wa kioo, fonti, lugha, toleo la kivinjari na namna kadi ya picha inavyochora umbo fulani, kisha inavichanganya vyote kuwa kitambulisho. Mapema mwaka 2010 shirika la Electronic Frontier Foundation lilifanya jaribio na kukuta asilimia 83.6 ya vivinjari vilivyopimwa vilikuwa na alama zisizofanana na za kingine chochote. Alama hizo huwezi kuzifuta kama kidakuzi, kwa sababu hazikuhifadhiwa kwako. Zinahesabiwa upya kila mara, na anayezihesabu ni skripti. Hapo ndipo kivinjari peke yake kinapoanza kuelemewa.

Kiendelezi cha kuzuia

Kama ningeruhusiwa njia moja tu juu ya kivinjari, ningechukua hii. Kiendelezi ni programu ndogo unayoiongeza kwenye kivinjari, na kilicho kizuri hakisubiri skripti ifike ndipo kipambane nayo. Kina orodha za vikoa na anwani zinazojulikana kwa ufuatiliaji, orodha zinazosasishwa na watu wa kujitolea, na ombi linapotaka kutoka kwenye kivinjari kwenda huko hukatwa papo hapo. Skripti haikushushwa, kwa hiyo haikuandika kidakuzi, haikupima fonti, haikusoma fomu. Kurasa hufunguka haraka zaidi na kifurushi chako cha intaneti kinapumua, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wa kurasa nyingi ni mizigo hii ya wageni.

Ninachokitumia ni uBlock Origin cha Raymond Hill. Ni cha bure, msimbo wake uko wazi, na mwenyewe hapokei hata michango. Kwenye Firefox kinafanya kazi kikamilifu, hata kwenye Firefox ya simu za Android. Kwenye Chrome mambo yamebadilika: kanuni mpya za viendelezi ziitwazo Manifest V3 zimekiondoa kile kamili, na kilichobaki ni uBlock Origin Lite, chenye uwezo mdogo zaidi lakini bado cha manufaa. Chrome ya Android haipokei viendelezi kabisa, na kwa mtu ambaye simu ndiyo kompyuta yake, hilo pekee linatosha kumfanya afikirie kuhama.

Gharama yake ni ya kweli, nami siipunguzi. Kiendelezi cha namna hii kinaomba ruhusa ya kuona kurasa zote unazofungua. Umemfukuza mlinzi usiyemwamini ukaajiri mwingine, basi huyo wa pili mchunguze. Vipo viendelezi vilivyokuwa safi, vikauzwa kwa mmiliki mpya, vikageuka kuwa wapelelezi. Sakinisha kimoja, si vitano. Kichukue kwenye duka rasmi la kivinjari, na hakikisha jina lake herufi kwa herufi, maana majina ya kuigiza ni mengi. Na ukurasa ukikataa kufanya kazi, hasa wa malipo, kizime kwa tovuti hiyo kisha ujaribu tena kabla hujalaumu kitu kingine.

Kuzima JavaScript, na Tor

Kuzima skripti zote ni dawa kali. Kurasa za kusoma nyingi hubaki salama, zingine hufunguka vizuri kuliko awali. Ramani, malipo, mazungumzo ya moja kwa moja na fomu nyingi hufa. NoScript, kiendelezi kilichokuwepo tangu 2005, hukupa njia ya kati: kila kikoa kinaanza kikiwa kimezimwa, nawe unaruhusu unachokihitaji. Wiki ya kwanza ni ya taabu tupu. Lakini hata usipodumu nacho, ninapendekeza ukijaribu siku moja, ukiangalie tu kile kidirisha chake kinavyoorodhesha vikoa vilivyomo kwenye ukurasa mmoja. Hakuna maelezo yangu yatakayokufundisha kama orodha ile.

Tor Browser ni ya mtu ambaye kujulikana kwake kunaweza kumdhuru. Trafiki yake hupitia vituo kadhaa ili anwani ya IP ifichike, na watumiaji wake wote hufanywa wafanane ili alama za kivinjari zisimtofautishe yeyote. Usilipanue dirisha lake ovyo wala usiongeze viendelezi juu yake, maana kila unachobadilisha kinakutoa kwenye kundi. Kiwango chake cha juu kabisa cha usalama huzima JavaScript kwenye tovuti zote.

Ningekuchagulia nini

Hutaki kusakinisha chochote? Zuia vidakuzi vya nje kwenye kivinjari ulicho nacho, washa ishara ya kutouza data ikiwa kivinjari chako kinayo, bonyeza "kataa" panapowezekana. Uko tayari kwa dakika 10? Firefox yenye kiwango kikali pamoja na uBlock Origin, au Brave kama ilivyo. Unatumia kompyuta ya pamoja? Hali fiche, na utoke kwenye akaunti kabla ya kuondoka. Unaandika au unatafuta habari ambazo zinaweza kukuletea hatari? Tor, na kompyuta ambayo huitumii kwa mambo mengine.

Usivifute vidakuzi vyote kila siku kwa mazoea. Vile vya kukuweka ndani ya akaunti, vya kapu, vya lugha, na vile vinavyozuia tovuti nyingine isitume maombi kwa jina lako, vinakufanyia kazi. Ukitaka kujua kipi ni kipi, fungua zana za wasanidi katika kivinjari cha kompyuta, sehemu ya hifadhi. Angalia safu ya kikoa: ni cha tovuti uliyoifungua au cha mwingine? Kisha angalia tarehe ya kuisha. Kidakuzi cha kipindi hufutika ukifunga kivinjari. Kinachotaka kudumu kwa mwaka mzima kwa ajili ya tovuti uliyoitembelea mara moja kina maelezo ya kutoa. Chrome yenyewe imeweka kikomo cha siku 400.

Kuna jambo moja ambalo njia zote hizi haziligusi. Ukiingia kwenye akaunti, mwenye akaunti anakujua kwa jina, na anachokirekodi anakirekodi kwenye seva yake, ambako kiendelezi chako hakifiki. Anaweza pia kumpelekea mshirika wake anwani yako ya barua pepe kutoka seva kwenda seva, bila skripti yoyote kupita kwako. Kwa hiyo ninatumia vivinjari viwili: kimoja cha akaunti, ambamo naingia, nafanya kilichonileta na kutoka, na kingine cha kusoma na kutafuta, ambamo sijawahi kuandika jina langu. Na fomu ikiniomba barua pepe kabla ya kunionyesha ninachokitaka, ninampa kila mmoja anwani yake tofauti, kwa huduma ya anwani za kuficha. Barua zote zinanifikia, lakini hawana anwani moja ya kunilinganisha nayo.